Uzi Mweupe Kwenye Daftari la Mama

Nyumba za Kiwanda, Mlango wa 14
4 Agosti

Mdogo wangu mpenzi,

Natumai barua hii inakukuta umekula na umelala, maana ukiachiwa mwenyewe hufanyi lolote kati ya hayo mawili. Sisi huku wazima. Bosi ametimiza miaka mitatu na amri zake zimeongezeka. Mdogo wake anaota meno, na ameamua nyumba nzima iote naye. Shemeji yako yuko zamu ya mchana getini. Mimi nina sare thelathini za shule za kumaliza, na haya nayaandikia juu ya meza ya cherehani, mtoto amenilalia mgongoni, kwa hiyo mwandiko ukipinda usinicheke.

Sasa nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa mwingine. Imekuja bahasha yako kutoka ng'ambo, nimeifungua.

Usipandishe sauti kwanza. Bahasha ndefu, stempu nisiyoijua, jina lako limepigwa taipu kama la mtu anayetafutwa. Ningefanyaje? Tumeisoma na shemeji yako, yeye akitafsiri na mimi nikimshuku kila alipokohoa. Wanasema wamepokea maulizo yako. Wanasema mtu anaweza kuomba nafasi ya udaktari wa historia akiwa bado hajamaliza shahada ya kwanza, kwamba masomo ni miaka mitano mpaka saba, na mlango unafungwa tarehe 15 Desemba. Halafu mwishoni wanasema wangependa kujua zaidi kuhusu "nyaraka za familia" ulizozitaja.

Nyaraka zipi? Familia ipi? Familia ni mimi na wewe.

Usinipigie simu kwa jambo hili. Ukuta wetu na Bi Nyuzi ni mmoja, na yule mama alifanya kazi na mama yetu kiwandani, masikio yake bado yamezoea kusikia watu juu ya kelele za mitambo. Niandikie.

Mimi dada yako


Bweni la Wasichana, Chumba cha 31
13 Agosti

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, nimekula, nimelala. Mbusu Bosi kama ataruhusu. Pole na meno ya mdogo wake.

Nimekasirika siku tano, leo nimechoka kukasirika. Ile bahasha ilikuwa na jina langu, Dada. Ningekuambia, lakini nilitaka kwanza kuwa na kitu cha kuambia.

Nataka kusomea historia mpaka mwisho wake. Mhadhiri wangu anasema ninaweza kuomba sasa, mwaka huu wa mwisho, bila kupitia shahada ya pili, nikijiandaa sawasawa. Ninatakiwa kupeleka insha ya kurasa ishirini kuonyesha ninavyofanya kazi, maelezo ya ninachotaka kutafiti na kwa nini, na barua tatu za watu wanaonifahamu kimasomo. Hizo barua wanaandika wenyewe na kuzifunga, na mimi nasaini kwamba sitaomba kuziona. Juu ya hayo najifunza kusoma lugha nyingine, kila alfajiri, kabla ya vipindi.

Mhadhiri anasema waombaji wengi huandika kutoka vitabu vilevile vya maktaba. Mwenye chanzo ambacho hakuna aliyewahi kukisoma, huyo huangaliwa mara ya pili. Hapo ndipo nikakumbuka daftari la mama, lile la kijani la zamu ya pili, alilokuwa akiandika nani kaja kazini na nani hakuja na kwa nini. Nani mwingine anaandika historia ya wanawake wa kiwanda cha nguo? Dada, kwenye sanduku la bati unalo wewe. Naliomba.

Mdogo wako


Mlango wa 14
25 Agosti

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia u mzima, na hasira zako zina afya pia. Huku jino la kwanza limetoka. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikipiga pasi, ndiyo maana sasa ina pembe ya kahawia.

Niulize kama mtu aliyeishia kidato cha pili. Mtu anaandika habari zako, anafunga bahasha, na wewe unasaini kwamba hutaki kujua amesema nini? Nyumba hizi za kiwanda jambo hilo lina jina, linaitwa kuchongea. Unasema ni sifa. Kama ni sifa, zinafichwa za nini? Mimi nikimsifia mtu sare yake namwambia akiwa ameivaa.

Na huyo Mhadhiri. Nimehesabu, kwenye barua ya ukurasa mmoja amesema mara mbili na kila alichosema kinaelekea kwenye sanduku la mama. Ana mke? Kitabu chake mwenyewe cha mwisho alikiandika lini? Mafundi walioishiwa kitambaa nawajua wanavyokiangalia cha mwenzao.

Nimelala na hilo wiki nzima. Nikamwona mama alivyokuwa akilifunga lile daftari kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Lakini pia nimekuona wewe ukiwa darasa la nne, unasoma karatasi za kufungia maandazi kwa sababu vitabu vimeisha. Basi nalituma. Mhadhiri asilipeleke kwake hata dakika moja. Alisome wewe ukiwa umekaa hapo hapo. Na asaini karatasi kwamba ameliona na si lake. Akikataa kusaini, umeshapata jibu lako.

Dereva wa lori linaloniletea vitambaa atakuletea. Liko ndani ya foronya ya buluu, mdomo nimeushona. Ukikuta mshono umeguswa, niandikie siku hiyo hiyo.

Dada yako


Chumba cha 31
10 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo, na salamu kwa nyumba nzima mpaka cherehani. Foronya imefika, mshono haujaguswa. Mhadhiri alicheka, lakini alisaini. Nimeambatanisha karatasi yake ili ulale.

Dada, unajua kilichomo humu? Mama hakuwa akiandika orodha tu. Sikiliza. "Mashine ya 9, uzi umekatika mara kumi na nne, si kosa lake." "Hakuja, mtoto ana surua." "Hakuja, mume yupo nyumbani." "Amekuja, bora asingekuja." Nimecheka peke yangu maktaba mpaka mtunza vitabu akaniangalia. Nikalia kidogo pia, lakini hilo hakuliona.

Insha yangu imeshapata umbo. Itahusu mwaka wa mgomo, zile siku nne mitambo iliponyamaza na wanawake kumi na mmoja wa zamu ya pili wakafukuzwa. Nitamweka mama katikati, msimamizi aliyekataa kuwataja wenzake, kama tulivyosikia siku zote. Mhadhiri ameipenda mno. Anasema waombaji wenye hadithi kama hiyo hawazidi mmoja kwa mwaka. Kurasa kumi na mbili tayari.

Mdogo wako mwenye furaha


Mlango wa 14
21 Septemba

Mdogo wangu,

Sisi wazima, na wewe uwe hivyo. Nina haraka, sare zinasubiriwa.

Nani alikuambia mama alikataa? Kumbuka vizuri. Mama mwenyewe hakuwahi kufungua mdomo kuhusu mgomo, si kwangu, si kwako. Sisi ndio tulioshonea ile hadithi vifungo. Kwa nini usiandike habari za surua, na mume yupo nyumbani, na nyuzi kukatika? Hayo nayo ni historia. Ya mgomo yaache yapite.

Karatasi ya Mhadhiri nimeiona. Mtu anayesaini huku anacheka, mimi simwamini zaidi.

Leo Bi Nyuzi alimwita Bosi uani. Nikamwita mtoto ndani.

Dada yako


Chumba cha 31
6 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Natumai watoto wazima.

Nyuma ya jalada la daftari imepigwa chapa: kurasa 96. Nimehesabu mara tatu. Ziko 94.

Madaftari haya yalibanwa kwa pini mbili katikati. Ukichana karatasi moja, mwenzake wa upande wa pili anabaki hana kinachomshika, anaanguka. Lakini humu mwenzake hajaanguka. Ameshonwa. Uzi mweupe, mishono midogo iliyolingana, na mwishoni imerudishwa nyuma mara mbili isifumuke. Mishono hii nimeibeba begani miaka mitatu, Dada, kwenye mkoba wa shule ulionishonea.

Mwizi angechana akaondoka. Aliyechana hapa ni mtu asiyeweza kuona karatasi iliyobaki ikining'inia.

Na karatasi isiyokuwepo ni ya wiki ile ile baada ya mgomo.

Ulinishonea foronya ili nimshuku Mhadhiri bure? Ulinitaka nimwangalie yeye mikono wakati mikono ni yako? Sijamwambia kitu. Ninamficha kwa ajili yako, na sijui ninamficha nini. Karatasi iko wapi?

Mdogo wako


Chumba cha 31
28 Oktoba

Dada,

Wiki tatu sasa. Dereva wa lori anasema amekuona, mzima, umempa sare na umecheka naye. Kwa hiyo mikono unayo na kalamu unayo.

Kama umeichoma, sema umeichoma. Desemba 15 haingoji, na mimi siwezi kuandika mstari mmoja mbele nikijua kuna ukurasa unanicheka mahali.

Mdogo wako


Mlango wa 14
9 Novemba

Mdogo wangu,

Sina afya ya kukuuliza afya yako. Watoto walikuwa na homa wote wawili, imeshuka. Hiyo ni sababu ya wiki moja. Nyingine zote sina sababu isipokuwa woga.

Sijaichoma. Imo ndani ya pindo la pazia la chumbani, nilikoishonea miaka minne iliyopita, wiki ile tuliyomzika mama na wewe ukarudi shule. Nilikuwa napanga sanduku. Ningeichoma siku ile ile, lakini ni mwandiko wake. Mwandiko wa mama unauchomaje?

Nakuambia kilichomo, halafu uniambie ungefanyaje. Juu ameandika: "Kwa Meneja. Waliohusika, zamu ya pili." Chini yake majina kumi na moja, kwa mkono wake, herufi zake zile za kusimama wima. Ndio hao waliofukuzwa. Pembeni mwa kila jina kuna kialama cha penseli, huku msalaba, huku kiduara, huku mistari miwili, kama mtu anayehesabu kuku. Hakukataa, mdogo wangu. Aliwaandika. Na jina la kwanza ni la Bi Nyuzi.

Miaka minne nimelala ukuta mmoja na mwanamke ambaye mama yangu alimfukuzisha kazi. Akifunika sufuria nasikia. Akikohoa nasikia. Akimpa Bosi kipande cha mkate, napokea, nasema asante, nafunga mlango, nabaki nimesimama nacho. Najiuliza, anajua? Kama hajui, ninamlia mkate kwa uongo. Kama anajua, mkate ni wa nini? Siku moja nilimpa kuku ule mkate, nikakaa nikimwangalia kuku mpaka jioni. Alishinda mzima, na tangu hapo mkate huo ni wake. Hata alipougua mwaka juzi sikuingia kwake, nilimtuma shemeji yako. Sikuweza kumtazama.

Wewe utakwenda ng'ambo na insha yako, miaka saba. Mimi nitabaki mlango wa 14. Ukiandika kwamba mama aliwataja, watoto wangu watacheza uani na wajukuu wa akina nani? Na ukiandika kwamba alikataa, utakuwa umeandika uongo na mimi nimekusaidia kushona.

Sasa unajua. Usiniombe niitume.

Dada yako anayekupenda hata kama hutaki leo


Chumba cha 31
18 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo ya kweli, si ya juu ya barua tu. Nashukuru homa imeshuka.

Nilisoma barua yako nikaenda kukaa bafuni, ndipo penye mlango unaofungika. Nilikasirika, kisha nikaona aibu. Wewe ulificha ulichokiona. Mimi niliandika kurasa kumi na mbili za kitu nisichokiona, nikapigiwa makofi. Nani kakosa zaidi?

Lakini naomba unijibu kama shahidi, kwa kuwa karatasi iko mkononi mwako na si mwangu. Umesema vialama vya pembeni ni tofauti kila kimoja. Mtu anayehesabu kuku, Dada, hutumia alama moja. Anapiga mstari, anapiga mstari. Hageuzi kiduara, halafu msalaba, halafu mistari miwili. Alama kumi na moja tofauti zinanifanya nifikirie mikono kumi na moja.

Na jingine. Karatasi hii ilikuwa ya Meneja. Ilifanya nini nyumbani kwetu? Kama ni nakala, kwa nini mtu aliyechongea aweke nakala, tena ndani ya daftari analolifunga kwa kitambaa?

Sisemi mama ni msafi. Sijui. Inawezekana tukiuliza tukapata kibaya kuliko tulichonacho. Lakini mimi nasafiri kwenye maktaba kutafuta watu waliokuwepo, nawakuta wote wamekufa, na wewe unaishi ukuta mmoja na mtu aliyekuwepo, unamlisha kuku mkate wake.

Nimemwambia Mhadhiri insha ya kwanza siipeleki. Hakufurahi. Zimebaki siku ishirini na saba.

Mdogo wako


Mlango wa 14
29 Novemba

Mdogo wangu,

Keti kwanza.

Niliichomoa kwenye pazia juzi asubuhi, Bosi akishika mkasi kwa amri yake mwenyewe. Nikaangalia zile alama tena. Nikamfunga mdogo mgongoni, nikamshika Bosi mkono, nikaenda. Ni hatua sita. Nilipiga hodi kama mtu anayedai ruhusa ya kupumua.

"Karibu," akasema Bi Nyuzi. "Mlango wangu leo umekumbuka kazi yake."

Nikaiweka karatasi mezani mbele yake. Akatafuta miwani chumba kizima, Bosi akamwambia iko kichwani. Akaishusha, akasoma, na sikuona uso wake ukibadilika kama nilivyoungojea kubadilika. Akaweka kidole pembeni mwa jina lake, pale penye alama iliyopinda.

"Huu mkono wangu," akasema. "Ndoana."

"Ndoana gani, mama?"

"Ya kunasia uzi uliokatika. Kuandika jina nilikuwa sijui, nikachora kazi yangu. Kwani ulidhani ni nini?"

Nikamwambia nilidhani mama anahesabu watu wa kufukuzwa. Akavua miwani. Kisha akaniambia, na naandika kama alivyosema, nisiongeze kifungo.

Meneja alitaka majina kumi na moja kabla ya king'ora cha saa nane. Asipoyapata, zamu nzima iende nyumbani, wanawake sitini na wawili. Mama akaja chumba cha kubadilishia nguo, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kalamu mkononi, hawezi kuandika. Bi Nyuzi akamwambia, niandike mimi. Mama akasema siandiki mtu. Bi Nyuzi akamwambia, usipoandika wewe ataandika karani, na karani ataanza na wenye mimba.

Basi akaandika. Wakaja wengine, mmoja mmoja, wasio na watoto wa kunyonyesha, wenye waume kazini, na mmoja ambaye alikuwa amechoka tu na kiwanda. Kila aliyeandikwa akatia alama yake, iwe ushahidi kwamba kajitaja mwenyewe. Ile aliyopelekewa Meneja mama aliinakili upya, haina alama. Hii yenye mikono yao alibaki nayo.

"Alitaka kuwa wa kumi na mbili," Bi Nyuzi akasema. "Tukamkatalia. Tukamwambia una huyo wa mgongoni na huyo anayekushika sketi."

Wa mgongoni ni wewe. Anayeshika sketi ni mimi. Sikumbuki, ila nimejaribu.

"Mbona hakutuambia?"

"Tuliapishana. Meneja angejua tumepanga, angetaka kumi na moja wengine na angechagua mwenyewe. Kiwanda kilipokuja kufungwa, midomo ilikuwa imeshazoea. Na mama yenu alisema si lake la kusema, ni letu."

"Na watu hawakumwita mchongezi?"

"Walimwita. Miaka. Akawa anawasalimia tu."

Halafu, mdogo wangu, akakunja kitambaa cha meza akakikunjua. Akasema yeye miaka minne aliamini kwamba mama alikufa na kinyongo naye, kwa kuwa yeye ndiye aliyemlazimisha kushika ile kalamu. Alipoona sikanyagi kwake, akasema basi, binti kaachiwa wosia.

Mimi namshuku yeye, yeye ananishuku mimi, ukuta katikati unene wa tofali moja.

Nikashindwa kulia kwa sababu akaniuliza, "Na mkate wangu ulikuwa na kasoro gani?"

Nikasema ulikuwa mtamu.

"Wewe umeujuaje? Aliyenenepa ni kuku."

Aliona, mdogo wangu. Siku zote aliona juu ya ukuta wa uani.

Sasa nisikilize kwa makini, maana haya ni masharti yake na mimi nimeyakubali kwa niaba yako. Usiandike "mwanamke mmoja". Jina lake uliandike lote, na alama yake uichore. Katika wale kumi na moja wamebaki watatu walio hai. Kabla hao wa ng'ambo hawajasoma chochote, uje uwasomee wao watatu, kwa maneno wanayoyaelewa, na atakayesema jina lake litoke, litoke. Amesema pia, na hapa sikuongeza, kwamba usimfanye mama yako malaika, kwani alikuwa mkali na aliwahi kumkata mshahara kwa kuchelewa dakika sita.

Karatasi inakuja ndani ya foronya nyingine. Njoo upesi.

Dada yako


Chumba cha 31
16 Desemba

Dada yangu,

Shikamoo, na shikamoo zangu zifike kwa Bi Nyuzi na wale wawili. Nilifika salama, mgongo umepona safari. Mwambie Bosi ile kazi ya kushika karatasi wakati ninasoma aliifanya vizuri kuliko wasaidizi wengi wa maktaba. Na mwambie yule mama wa pili jina lake nimelitoa, kama alivyotaka. Ndoana nimeichora.

Nimepeleka jana, zikiwa zimebaki saa tano mlango kufungwa. Kurasa kumi na tisa. Nimehesabu, neno "sijui" limo mara saba.

Mhadhiri aliisoma mbele yangu bila kukaa. Akasema, "Ya kwanza ilikuwa na shujaa. Hii ina ndoo." Akasema ya kwanza ingenipeleka, hii hajui. Nikamuuliza barua yake ya kunipendekeza ameshaiandika? Akasema imeshakwenda, tangu wiki iliyopita. Nikataka kumuuliza amesema nini humo. Nilishasaini kwamba sitauliza, nikabaki naangalia mikono yake, kama ulivyonifundisha. Ilikuwa inachokonoa kifuniko cha kalamu. Sijui maana yake. Hiyo ni "sijui" ya nane.

Daftari linarudi kwenye foronya yake. Karatasi nimeirudisha mahali pake. Uzi mweupe nimeupata kwa mwenzangu wa chumbani, nimeshona mwenyewe. Samahani kwa utakachokiona.

Mdogo wako


Mlango wa 14
11 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Tunaendelea vizuri, na natumai mitihani haijakumaliza. Mdogo wake Bosi ana meno sita na ameanza kutembea, anaelekea upande mmoja tu, kwa Bi Nyuzi. Kuku hapati mkate tena, amepungua.

Daftari nililiona. Mshono wako ni kama njia ya mlevi. Nilishika kisu cha kufumulia nikitaka kuurudia, nikauacha. Atakayelisoma siku moja aone palipita mikono miwili, mmoja ulichana na mmoja ulirudisha, na kwamba wa pili haukuwa fundi.

Sasa. Leo saa nne asubuhi imekuja bahasha kutoka ng'ambo. Jina lako, taipu ile ile.

Shemeji yako aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema haionyeshi kitu. Bosi alisema fungua, mara tatu, ya tatu akigonga meza. Bi Nyuzi akaja na birika linalotoa mvuke, akasema kiwandani walikuwa wakifungua barua za Meneja hivyo na kuzibandika tena, hakuna aliyejua. Akaliweka birika mezani karibu nami, akatoka, akaniachia.

Nilikaa nayo. Nilimfikiria yule Mhadhiri na kifuniko chake cha kalamu, na alichoandika mahali usipoweza kuona. Niliigusa kwa kidole kote, nikatafuta kama ni nene kuliko ile ya kwanza. Nadhani ni nene. Halafu nadhani ni sawa. Vidole vya fundi navyo hudanganya vinapotaka kitu.

Nimelirudisha birika kwake, maji yakiwa yameshapoa. Bahasha sikuifungua. Iko ndani ya foronya ya buluu, pamoja na soksi zako mbili, na dereva anapita kesho. Mdomo nimeushona mara mbili, si kwa ajili ya dereva.

Ukiisoma, andika siku hiyo hiyo, lolote walilosema. Au piga simu tu. Tutasikia wote.

Mimi dada yako